Karatasi Moja Isifunge Maisha Yako: Rufaa ya Askari Aliyetolewa Jeshini kwa Tuhuma



Vijana wenzangu, ndugu zangu na dada zangu. Leo sitaanza na sheria. Nataka tuanze na karatasi.

Kila mmoja wenu aliyewahi kutafuta kazi hapa Kenya anaijua ile karatasi ya mwenendo mwema. Unalipia, unapigwa alama za vidole, unasubiri. Ikija safi, unapumua. Ikija na doa, hata ujieleze vipi, mwajiri ameshageuza uso. Haulizi doa lilitoka wapi. Haulizi kama ulishtakiwa kwa haki au ulisingiziwa. Karatasi imesema, basi.

Sasa, Marekani kuna karatasi ya namna hiyo hiyo, na ni nzito zaidi. Inaitwa DD 214. Kila askari anayetoka katika jeshi la nchi ile huondoka nayo mkononi. Ndani yake kuna sehemu ndogo tu, maneno machache, yanayosema huyu mtu ametoka vipi: kwa heshima, au bila heshima. Maneno hayo machache yatamfuata mpaka kaburini, na wakati mwingine hata baada ya kaburi.

Najua kuna wanaojiuliza: hayo ya Marekani yatuhusu nini sisi wa Likoni, wa Majengo, wa Eastleigh? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, wapo watoto wetu kule. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu mwenye kadi ya kijani kuingia jeshini kabla hajapata uraia, na Wakenya wameingia. Kulikuwa na mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, na Kiswahili na Kisomali zilikuwa kwenye orodha hiyo. Kwa hivyo usishangae ukisikia kwamba mtoto wa jirani yako amevaa gwanda la Marekani. Kuna familia hapa pwani zinapigiwa simu usiku: "Mama, nimetolewa kazini, wameniandikia vibaya." Na mama hajui aseme nini.

Pili, swali lenyewe ni letu sote. Mtu akiadhibiwa kwa tuhuma, bila kesi, bila hakimu, bila ushahidi uliopimwa, anaanzia wapi kulisafisha jina lake? Sisi hapa tunalijua swali hilo vizuri. Kwa hivyo tusikilize wengine walilijibu vipi.

Askari 167 wa Brownsville

Hebu turudi mwaka 1906. Mji wa Brownsville, jimbo la Texas, mpakani na Mexico. Mwishoni mwa Julai, kikosi cha askari weusi wa Kikosi cha 25 cha Miguu kinaletwa kwenye kambi ya Fort Brown, kando ya mji. Wenyeji weupe hawawataki. Wanasukumwa barabarani, wanatukanwa, wanazuiwa kwenye baa.

Usiku wa tarehe 13 Agosti, karibu na saa sita, risasi zinalia mjini. Mhudumu mmoja wa baa anauawa, afisa mmoja wa polisi anajeruhiwa vibaya mkono. Mara moja watu wa mji wanasema: ni askari weusi. Maafisa weupe wa kambi wanasema walihesabu watu wao usiku ule na wote walikuwa kambini. Lakini asubuhi yake maganda ya risasi za jeshi yanaokotwa barabarani, na kwa watu wa mji huo ukawa ushahidi tosha.

Wachunguzi wa jeshi wakaja. Wakawauliza askari mmoja mmoja: nani alipiga? Kila mmoja anajibu, sijui. Sasa fikirieni vizuri. Mtu ambaye hakufanya kitu, na hajui nani alifanya, atajibu nini kingine? Lakini wachunguzi wakasema: huu ni mpango wa kunyamaza. Wanafichana. Yaani kutojua kwao kukageuzwa kuwa kosa.

Baraza la wazee wa mahakama la Texas halikumfungulia mashtaka hata askari mmoja. Sikilizeni tena: hata mmoja. Pamoja na hayo, Novemba 1906, Rais Theodore Roosevelt akatoa amri askari 167 wafukuzwe bila heshima. Hakuna mahakama ya kijeshi iliyokaa. Hakuna aliyepewa wakili akajitetea. Walizuiwa kurudi jeshini na kuzuiwa kufanya kazi za serikali ya nchi yao.

Miongoni mwao alikuwa Sajini Mingo Sanders. Mtu huyu alikuwa ametumikia jeshi kwa miaka 26 hivi, alipigana Cuba na Ufilipino, na pensheni yake ilikuwa imekaribia. Amri moja, na yote yakayeyuka.

Seneta mmoja wa Ohio, Joseph Foraker, alisimama Bungeni akapinga. Alitaka ushahidi uletwe. Kukawa na vikao, kukawa na kamati, na mwishowe askari 14 tu wakaruhusiwa kurudi jeshini mwaka 1910. Waliobaki walienda na doa lao.

Miaka ikapita. Kumi, ishirini, hamsini. Mwaka 1970 mwandishi John D. Weaver akatoa kitabu kilichoichimbua kesi nzima upya na kuonyesha ushahidi ule ulivyokuwa na mashimo. Mbunge mweusi wa California, Augustus Hawkins, akaichukua hoja hiyo na kupeleka mswada. Na mwaka 1972 jeshi likakubali. Likafuta ile amri ya Roosevelt na kuwaandikia wale 167 kwamba wametoka kwa heshima.

Wangapi walikuwa hai kuipokea? Aliyejulikana sana ni mzee Dorsie Willis, wa Minneapolis. Alikuwa ameshapita miaka 80. Maisha yake yote baada ya jeshi aliyamaliza akifagia na kung'arisha viatu kwenye kinyozi. Mwaka 1973 Bunge likapitisha alipwe dola 25,000. Miaka 66 ya kubeba aibu isiyokuwa yake, na mwisho wake ni hundi hiyo.

Wazee wetu husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwa maji. Kwa karatasi si kweli. Karatasi iliandikwa na mtu, na kilichoandikwa na mtu kinaweza kuandikwa upya na mtu. Lakini mjue gharama ya kuchelewa. Wenzake Dorsie Willis wengi walipata heshima yao wakiwa chini ya udongo.

Maneno matano ya kutokea mlangoni

Sasa tuje kwenye sheria, tuiseme kwa lugha ya kawaida.

Askari wa Marekani anaweza kuondoka jeshini kwa mojawapo ya njia tano kubwa.

Ya kwanza, kwa heshima. Hii ndiyo inayofungua milango yote.

Ya pili inaitwa ya kawaida, chini ya masharti ya heshima. Sauti yake si mbaya, lakini angalia: yule msaada mkubwa wa karo ya chuo uliotungwa kwa askari waliotumikia baada ya Septemba 2001 unataka ile ya kwanza kamili. Hii ya pili haitoshi.

Ya tatu ni ya masharti yasiyo ya heshima. Hapa ndipo wengi wa waliotuhumiwa hutumbukia. Na shida yake ni kwamba inatolewa na ofisi. Si hukumu ya mahakama.

Ya nne, kwa mwenendo mbaya, na ya tano, kwa fedheha. Hizi mbili hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake, kama adhabu baada ya kesi.

Mmeiona tofauti? Mbili za mwisho zinahitaji kesi. Ile ya tatu haihitaji. Mahakamani, kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Ofisini, inatosha kuonekana kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Yaani mizani ikiinama kidogo tu upande mmoja, umekwisha. Lakini ukitoka nje, mwajiri hajui tofauti hiyo. Kwake wewe ni yule aliyefukuzwa jeshini.

Na kwa mhamiaji, kuna jambo zito zaidi. Marekani humpa askari mgeni njia ya mkato ya uraia, kwa sharti kwamba utumishi wake ni wa heshima. Na hata akishaupata uraia kwa njia hiyo, akitolewa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, uraia huo unaweza kufutwa. Kwa hivyo, kwa kijana wa Kisauni aliyevaa gwanda kule, karatasi hii haimalizikii kwenye kazi na karo. Inagusa nchi atakayolala kesho.

Siku ya tuhuma

Tuseme basi wewe ndiye uko kule, au ndugu yako. Umetuhumiwa. Labda ugomvi, labda umekosa kufika kazini, labda umeambiwa umetumia kitu kilichokatazwa, labda mtu amesema umemgusa. Mkubwa wako anakuita ofisini. Anakuwekea karatasi mezani. Anakuambia kwa upole: "Tia sahihi hapa, mambo yaishe, uende nyumbani. La sivyo ni mahakama ya kijeshi."

Hapo ndipo vijana wengi hupotea. Wamechoka, wameogopa, wanataka nyumbani. Kisha kuna uongo mmoja mkubwa ambao husambazwa kambini: "Usijali, baada ya miezi sita inageuka yenyewe kuwa ya heshima." Wallahi hakuna kitu kama hicho. Hakuna karatasi inayojigeuza yenyewe. Ukitia sahihi ya kuomba kutolewa ili ukwepe mahakama, mara nyingi unaondoka na ile ya tatu, na itabaki hivyo mpaka mtu aibadilishe kwa mkono.

Kwa hivyo kabla ya sahihi, mambo matatu. Omba kuonana na wakili wa jeshi. Anayekabiliwa na ile ya tatu ana haki ya kuzungumza na wakili bila malipo. Omba kusikizwa mbele ya bodi. Anayetishiwa na ile ya tatu, au aliyetumikia miaka 6 na zaidi, kwa kawaida ana haki hiyo. Na tatu, chukua nakala ya kila kitu. Kila barua, kila sifa uliyopewa, kila cheti cha hospitali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina lako ni mali.

Kuna mtu mmoja nataka mumjue hapa. Kapteni James Yee, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, aliyesoma chuo cha kijeshi cha West Point kisha akasilimu. Alikuwa imamu wa jeshi, na alipelekwa Guantanamo kuwahudumia Waislamu waliofungwa pale. Septemba 2003, akiwa njiani kurudi nyumbani kwa mapumziko, akakamatwa. Magazeti yakaandika jasusi, msaliti. Akafungiwa peke yake kwa siku 76.

Kisha? Machi 2004 mashtaka ya jinai yakaondolewa yote. Likabaki karipio la makosa ya mwenendo wake binafsi. Angeweza kusema, afadhali hilo dogo, nimechoka. Hakusema hivyo. Alikata rufaa, na mwezi uliofuata jenerali aliyekuwa juu akalifuta na hilo pia. Januari 2005 akatoka jeshini, na karatasi yake ikiwa ya heshima.

Fundisho ni nini? Tuhuma kubwa ikianguka, usikubali kubaki na ndogo eti kwa kuwa umechoka. Ndogo hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye faili.

Milango miwili

Na kama umeshatoka? Karatasi iko nyumbani kwenye droo, huthubutu kumwonyesha mtu. Je, yamekwisha? La. Kuna milango miwili, na imekuwapo tangu miaka ya 1940.

Mlango wa kwanza ni Bodi ya Kupitia Upya Hati za Kutoka Jeshini. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1944. Unaijaza fomu inayoitwa DD 293. Una miaka 15 tangu siku uliyotoka. Bodi inakuwa na watu wasiopungua watatu na huamua kwa wingi wa kura. Inaweza kupandisha daraja la karatasi yako na kubadilisha sababu iliyoandikwa. Kitu kimoja haiwezi: kugusa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Na jambo la kutuliza moyo ni kwamba haiwezi kukushusha chini ya pale ulipo. Kwa hivyo kuomba hakukupotezei.

Mlango wa pili ni Bodi ya Kusahihisha Rekodi za Kijeshi, iliyotokana na sheria ya mwaka 1946. Fomu yake ni DD 149. Hii ina uwezo mpana zaidi. Miaka 15 ikipita, huu ndio mlango wako. Ukikataliwa na bodi ya kwanza, unaweza kuja hapa. Sheria inasema uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwako ikiona haki inadai hivyo. Kwa hivyo usijihukumu mwenyewe kwa kusema nimechelewa. Waache wao waseme.

Sasa sikiliza siri ya mlango wa kwanza. Unaweza kuomba wapitie karatasi zako tu, bila wewe kuwapo. Wakikataa, na miaka 15 haijaisha, unaweza kuomba tena, safari hii usikizwe mwenyewe. Vikao hivyo vinaweza kufanyika kwa video. Ukianza na kusikizwa, umeitumia nafasi kubwa kwanza. Ukianza na karatasi, una nafasi mbili. Lakini usiache kabisa kutokea. Asiyekuwepo na lake halipo. Wakikuona uso, wakasikia sauti yako, huwi tena namba kwenye faili.

Bodi inauliza nini

Wengi huandika barua ya kurasa kumi: nilionewa, mkubwa wangu alikuwa mbaya, wallahi sikufanya. Bodi inasoma, inaweka kando. Kwa nini? Kwa sababu bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Ni juu yako kuonyesha kinyume. Na kinyume chenyewe kina njia mbili.

Njia ya kwanza ni utaratibu. Je, sheria ilifuatwa? Ulipewa taarifa? Ulipewa wakili? Ulinyimwa kikao ambacho kilikuwa haki yako? Ushahidi ulioandikwa ulikuwepo kweli? Hapa unataja kosa moja moja, tarehe na karatasi yake.

Njia ya pili ni uadilifu. Hapa unaweza hata kukubali kwamba ulikosea, ukasema: lakini adhabu haikulingana na kosa. Mwenzangu alifanya vivyo hivyo akapewa onyo tu. Nilitumikia miaka minne bila doa, nikakosea siku moja. Nilikuwa mgonjwa.

Na kuhusu ugonjwa, mambo yamebadilika sana. Kwa miaka mingi askari waliorudi vitani na akili iliyojeruhiwa, hawalali, wanaruka mlango ukigongwa, wanakunywa ili wasahau, walifukuzwa kama watovu wa nidhamu. Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi ziyatazame maombi ya watu hao kwa moyo wa upole zaidi. Mwaka 2017 yakaja maelezo mapya yaliyoingiza pia waliopigwa kichwani kwa milipuko na waliodhulumiwa kijinsia wakiwa jeshini. Mwaka 2018 yakaja mengine juu ya huruma na haki kwa ujumla, yakikumbusha kwamba mtu kutoka kwa heshima hakumaanishi kwamba hakuwahi kukosea hata siku moja.

Kwa wenye majeraha hayo, bodi inajiuliza maswali manne. Je, huyu alikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Je, lilitokea akiwa jeshini? Je, kweli linapunguza uzito huo? Na je, linazidi uzito wa kosa lenyewe? Basi barua yako ijibu hayo manne, kwa mpangilio huo huo. Usimwachie msomaji kazi ya kutafuta.

Ushahidi, vijana, ushahidi. Faili lako la jeshi unaliomba kwa fomu SF 180, kutoka hifadhi ya taifa kule St. Louis. Kwa wazee wa zamani kuna tatizo: mwaka 1973 hifadhi hiyo iliungua, na mamilioni ya mafaili yakateketea. Hata hivyo, faili likikosekana, barua za waliokuwa nawe, picha na vyeti vya nyumbani vinaweza kusaidia.

Kisha tafuta watu waliokujua. Barua isemayo "ni mtu mzuri sana" haina nguvu. Barua isemayo "nililala kitanda cha pili, niliona baada ya mlipuko ule hakulala wiki nzima, na kabla ya hapo hakuwahi kuchelewa kazini," hiyo ina nguvu. Onyesha pia maisha yako baada ya jeshi: kazi, masomo, matibabu, huduma kwa watu wa mtaa wako. Na kama ulikosea kweli, sema ulikosea. Anayekubali sehemu yake huaminika katika sehemu anayoikataa.

Jambo jingine. Idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani ina uamuzi wake, haifungwi moja kwa moja na ile karatasi ya tatu. Hupima yenyewe kama utumishi wako unakustahilisha matibabu na msaada. Kwa hivyo wakati rufaa inaendelea, nenda kaombe. Wangapi wameteseka na maradhi nyumbani kwa sababu walijikataa wenyewe kabla hawajakataliwa?

Na usiende peke yako. Vyuo vya sheria kule vina madawati ya kusaidia wanajeshi wa zamani bure, na yapo mashirika ya mawakili yafanyayo kazi hiyo hiyo. Bodi zote zikikataa, mahakama za kiraia zipo bado.

Nani aliyewakumbuka waliokufa?

Nimalizie na Houston, Texas tena. Agosti 1917, askari weusi wa Kikosi cha 24, baada ya kudhalilishwa na kupigwa na polisi wa mji, waliondoka kambini na silaha. Watu wakafa pande zote. Siwaambii kwamba hakuna lililotokea usiku ule, lilitokea. Lakini kesi zilizofuata zilikuwa aibu. Askari 110 walihukumiwa. 19 walinyongwa. Wa kwanza 13 walinyongwa alfajiri ya tarehe 11 Desemba 1917, bila nafasi ya kukata rufaa.

Novemba 2023, miaka 106 baadaye, jeshi la Marekani likafuta hukumu zote 110 na kuagiza rekodi zao zisahihishwe zisomeke kwamba walitumikia kwa heshima. Nani aliyepeleka ombi? Miongoni mwao ni watu wa chuo kimoja cha sheria mjini Houston, pamoja na wazao wa waliohukumiwa. Watu walioketi maktaba wakasoma kurasa za kesi kuukuu, wakahesabu makosa ya utaratibu, moja, mbili, tatu, wakayaandika. Afisa mmoja aliyewatetea askari wengi kiasi kile kwa pamoja, siku zisizotosha kujitayarisha, ushahidi dhaifu. Hawakupiga kelele. Waliandika.

Vijana wenzangu, mimi sikuja hapa kumwambia mtu aingie jeshi la nchi yoyote. Hilo ni lako na wazazi wako. Nimekuja na maneno matatu tu.

Moja, usitie sahihi kwa woga. Iwe ni kambi ya Texas au kituo cha polisi cha mtaani kwako, soma kwanza, uliza kwanza, wakili kwanza.

Mbili, weka karatasi zako. Leo, ukifika nyumbani, tafuta bahasha moja. Tia vyeti, barua, risiti, kila kitu chenye tarehe. Siku ukihitaji, hutakuwa na muda wa kutafuta.

Tatu, kama una ndugu kule amekaa kimya na karatasi yake kwenye droo, mpigie usiku huu. Usimuulize alifanya nini. Muulize alitoka mwaka gani. Kama ni chini ya miaka 15, mwambie: mlango wa kwanza uko wazi bado. Kama imepita, mwambie: uko wa pili.

Mzee Dorsie Willis alisubiri miaka 66. Ndugu yako asisubiri hata wiki.